Korido ya Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti nyeusi, tai, na viatu nilivyovipiga kiwi mpaka mama mwenye nyumba wangu kule Sundbyberg akaniuliza kama nimefiwa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, mwaka mmoja baada ya Waswidi kuyahamisha magari yao yote kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya hesabu hapo hapo Stockholm, kwa ufadhili ulionitoa Tanga nikiwa kijana mwembamba. Mkuu wa Idara, profesa mrefu wa kutoka kaskazini mwa nchi, alinipokea mlangoni amevaa sweta lililotoboka kiwikoni. Alinipa mkono, akataja jina lake la kwanza, akaniambia kwamba siku hizi hapo hakuna tena bwana wala profesa, wote ni "du", yaani wewe kwa wewe. Ni kweli, miaka ile Waswidi walikuwa wameamua kuviweka vyeo kabatini. Mimi nilimwita Profesa mpaka siku aliyostaafu, na hakunikataza tena.

Kazi niliyopewa haikuwa na jina linaloeleweka kwa jamaa zangu. Nilipowaandikia nyumbani nilisema nafundisha kompyuta, wakadhani natengeneza redio. Nanyi vijana mnaonisoma, ambao kompyuta mnazo mfukoni, afadhali niwaeleze. Kompyuta yenyewe haijui lugha yoyote ila ya kwake, ya amri fupi fupi kavu. Binadamu wakabuni lugha nyingine zinazokaribia za hesabu na za maneno, kama Algol, ambayo ndiyo tuliyoitumia sana, kisha ikahitajika programu ya kuisoma lugha hii ya binadamu na kuigeuza kuwa ile ya mashine. Programu hiyo ya kugeuza ndiyo kompaila. Mkuu wa Idara aliniagiza nitunge kozi ya kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kubuni lugha ndogo na kuitengenezea kompaila yake. Kozi ya namna hiyo haikuwapo katika idara yetu. Hakukuwa na kitabu cha kufundishia, kulikuwa na makala za kigeni zilizopita mkono kwa mkono mpaka zikachakaa.

Niliitunga kwa muda mrefu. Asubuhi wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, desturi ambayo Waswidi wanaishika kuliko ibada, mimi nilifunga mlango. Niliamua kila jozi ya wanafunzi ibuni lugha yake, iandike sarufi yake kwenye karatasi, ndipo itoboe programu kwenye kadi. Siku zile mstari mmoja wa programu ulikuwa kadi moja ngumu yenye matundu. Ulibeba bunda lako la kadi kama mtoto mchanga mpaka kwenye dirisha la chumba cha mashine, ukalikabidhi kwa Mkuu wa Chumba cha Mashine, mtu mkali aliyevaa koti jeupe, ukaenda zako. Kesho yake unapewa karatasi ndefu inayokwambia umesahau nukta. Kwa hiyo niliwataka wanafunzi waelewe kwanza kwa kichwa, kwa sababu mashine ilikuwa haina subira na sisi.

Mahali walipokwama wote ni pale kompaila inapokutana na hesabu kama mbili jumlisha tatu zidisha nne. Sisi tunajua kuzidisha kunatangulia. Mashine haijui mpaka uifundishe namna ya kumsubirisha jumlisha pembeni. Nilichora ubaoni mpaka chaki zikaisha, na nyuso zilikuwa zile zile. Ndipo siku moja nikaikumbuka korido iliyokuwa nyuma ya stoo ya vifaa, nyembamba, iliyozibwa mwisho wake, ambako watu wawili hawapishani. Niliwatoa wanafunzi darasani. Kila mmoja nilimning'iniza shingoni kipande cha kadibodi, huyu namba, huyu alama ya kujumlisha, huyu mabano. Wenye namba wakapita moja kwa moja kwenda kupanga mstari ukutani. Wenye alama wakaingia koridoni kusubiri zamu, na kwa kuwa korido imezibwa, aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Alama yenye nguvu haikubali kuzuiwa na dhaifu inayokuja nyuma yake, hutoka kwanza. Mabano ya kufungua yanakaa humo kama mlinzi mpaka mabano ya kufunga yaje kuyatoa. Mwishoni mstari ukutani ulikuwa umejipanga vile vile mashine inavyotaka. Kanuni yenyewe ya hesabu walikuwa wameshaiandika wengine, sijidai. Lakini korido ilikuwa yangu, na siku ile niliwaona wakielewa wote kwa pamoja, nikaenda nyumbani kwa treni nikiwa nimenyooka kama bwana harusi.

Sasa nije kwa Wafula.

Alikuja mwaka wa tatu wa kozi, Mkenya wa Bungoma, amesoma hesabu kama mimi, akaajiriwa kuwa msaidizi wangu wa mazoezi. Mratibu wa Masomo, mama aliyepanga ratiba zetu zote kwa penseli nyekundu, alimleta kwangu kwa furaha, kama vile Waafrika wawili katika idara moja ni jambo lililokwisha kutatuliwa. Wafula alikuwa mnene kidogo, mwenye kicheko kilichosikika ghorofa mbili chini. Kiswidi chake kilikuwa kibovu. Naweza kusema hivyo kwa sababu changu kilikuwa kizuri, niliposimama kufundisha hata wenyewe walinisikiliza bila kukunja uso. Yeye aliyavuruga maneno mbele ya darasa zima, wanafunzi wakamsahihisha kwa kelele, naye akawashukuru kana kwamba wamempa zawadi, na saa nzima ikapita hivyo hivyo wakiwa wameelewa kila kitu. Niliwahi kusimama nje ya mlango wake nikisikiliza. Wivu ulinishika pale pale, mkono wangu ukiwa kwenye kitasa, na haukuniachia kwa miaka.

Mazoezi ya koridoni nilimwachia yeye kwa kuwa yalikuwa sehemu ya kazi za msaidizi. Mimi niliyaendesha kwa utaratibu, kila mtu akitamka alama yake na kusogea. Wafula akayafanya mchezo. Aliyekosea kutoka kwa zamu yake aliimbiwa. Mabano alimpa kofia yake ya manyoya avae. Wanafunzi wa idara nyingine wakaanza kuja kutazama, na Mkuu wa Stoo akalalamika kwamba hawezi kufikia makabati yake.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule walikuja ofisini kwangu wanafunzi wawili, kijana na msichana, wamesimama kwa adabu isiyo ya kawaida yao. Ni lazima mwelewe kwamba wanafunzi wa kule wana mchezo wao wa jukwaani, wanauita "spex", wanaimba na kufanya vichekesho, na ndani yake huwaigiza walimu. Hawa wawili walikuja kuniomba ruhusa waniigize mimi na korido yangu. Msichana aliniuliza kama ningewaazima kofia na miwani ya zamani.

Nilikotoka mimi, mtu akikuiga unavyotembea na kusema mbele za watu, amekutukana wewe na aliyekuzaa. Utotoni niliona watu wazima wakishikana mashati kwa jambo hilo. Nikawatoa ofisini. Sikuishia hapo, nilikwenda mpaka kwa Mkuu wa Idara kushtaki kwamba wanafunzi wanataka kunivunjia heshima, na mimi mgeni.

"Kombo," akasema, "hawa hawamwigi mwalimu wasiyempenda. Mimi wameniiga mara moja tu maishani, na mke wangu hajaacha kusimulia."

Nilimjibu kwamba kwetu si hivyo. Akasema basi atawaambia wasiniguse, na akawaambia, na Waswidi wakiambiwa jambo mara moja huwa limekwisha.

Nilikwenda kuutazama mchezo nikiwa nimetulia. Taa zilipozimwa, akatoka jukwaani kijana aliyefunga mto tumboni, amevaa kofia ya manyoya, akicheka kile kicheko. Nyuma yake walikuwa wamejenga korido ya mbao na turubai. Wakaingia jumlisha, zidisha, na mabano, wakakwama, wakasukumana, wakaimbiwa. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Mwisho wakamwita Wafula mwenyewe, akapanda, akamkumbatia yule kijana wa mto, na watu wakasimama wote kupiga makofi. Mratibu wa Masomo, aliyekaa kando yangu, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akaniinamia akasema nina bahati ya kuwa na msaidizi kama huyo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba hiyo ni yangu, hiyo korido ni yangu, niliibuni kabla mtu huyu hajaiona theluji.

Baada ya hapo ikawa na jina. Mratibu alipopanga ratiba ya muhula uliofuata aliniuliza, bila nia mbaya yoyote, "Korido ya Wafula tuiweke wiki gani?" Nikamtajia wiki. Wageni walipotutembelea kutoka vyuo vingine waliomba kuiona Korido ya Wafula. Mwaka ule ule Mkuu wa Idara alinipandisha kuwa mhadhiri mwenye dhamana ya kozi nzima, cheo cha kudumu, na jina langu likachapwa kwenye mwongozo wa masomo. Mke wangu alipika pilau, jamaa wakaja. Nilikula nikifikiria kwamba mwongozo wa masomo hausomwi na mtu, na kwamba Wafula asiye na cheo ndiye anayesalimiwa na wanafunzi mpaka kwenye kituo cha treni. Wivu wa kumwonea aliyekuzidi cheo unaeleweka. Wangu ulikuwa wa kumwonea niliyemzidi, na huo hauna hata mtu wa kumlalamikia.

Nilivumilia, kisha nikashindwa. Jumapili moja Wafula alitualika kwake Spånga. Mkewe Grace alisonga ugali wa unga wa semolina, ndio tuliokuwa tunaupata, na wanawake walipobaki jikoni nikamkabili Wafula.

"Wafula, wewe unajua korido ni ya nani."

"Ni yako, Kombo. Kwani nani anasema ni yangu?"

"Wote."

Aliacha kutafuna. "Mimi nimewaambia, bwana. Si mara moja. Kila mwaka nawaambia hii maneno ilitoka kwa Kombo. Wanacheka tu. Wanadhani ni mzaha."

"Mzaha gani?"

Hakutaka kusema. Nikamng'ang'ania.

"Wanasema Kombo hawezi kuunda kitu ya kuchekesha," akasema. "Pole, ndugu yangu. Ni wao wanasema, si mimi."

Kama angekuwa mwizi ningempenda. Ningekuwa na haki yangu, ningemchukia mchana kweupe na kulala usingizi mzuri. Lakini alikuwa amenitangaza mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemwamini. Nilimaliza ugali wake, nikamshukuru Grace, na njia nzima ya kurudi mke wangu aliniuliza kuna nini nami nikasema baridi.

Katikati ya miaka ya sabini Wafula aliitwa kwao. Chuo kikuu cha Nairobi kilitaka mtu wa kuanzisha masomo haya haya, naye akafungasha. Idara ilimfanyia karamu kubwa kuliko zote nilizoziona kwa mtu asiye profesa. Nilitoa hotuba nzuri, kwa Kiswidi changu kizuri, na kila neno la sifa nililolisema lilikuwa kweli.

Alipoondoka, korido ilirudi kwangu. Niliendesha mazoezi mwenyewe. Safari hii nilikusudia kulegea. Nilinunua kofia ya manyoya. Niliwaimbia waliokosea. Nilicheka kwa sauti mahali ambapo yeye alikuwa anacheka, na wanafunzi walinitazama kwa huruma na upole, wakavaa vibao vyao shingoni wakafanya kazi vizuri. Majira ya kuchipua wale wa mchezo wa jukwaani walikuja tena kuomba ruhusa, wengine kabisa, wasiojua habari ya zamani. Niliwapa ruhusa kabla hawajamaliza kuomba. Niliwapa na miwani.

Nilikwenda na mke wangu na watoto, tukakaa mbele. Taa zikazimwa. Akatoka kijana mwembamba amevaa suti nyeusi, tai yangu, miwani yangu. Akasimama mbele ya korido ya turubai, akanyooka, akatoa mfukoni kofia ya manyoya, akaivaa kwa mikono miwili kama mtu anayejivisha sufuria. Kisha akajaribu kucheka. Akajaribu tena. Jumlisha na zidisha wakatoa vichwa koridoni kumtazama. Akawafundisha wanafunzi wake kukicheka kicheko hicho kwa kanuni, hatua kwa hatua, ukutani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Miaka yote ile nilisubiri kuigizwa, na nilipoigizwa nikaigizwa kama mtu anayemwigiza Wafula. Watu walipiga makofi kwa upendo, hilo nalikiri, na waliponiita nilipanda jukwaani nikainama. Binti yangu mdogo aliniambia kwa Kiswidi kwamba nilikuwa nachekesha sana. Nilimwambia ahsante.

Kesho yake ile kofia nikampa Mkuu wa Stoo, akaondoka nayo. Nikarudi kufundisha kwa namna yangu, kwa utaratibu, kila mtu akitamka alama yake na kusogea, na nadhani nilifundisha vizuri. Wengi waliopita mikononi mwangu walikwenda kutengeneza kompaila za kweli, na kadi zikaanza kuondoka, zikaja skrini, na mwanafunzi aliyesahau nukta akaambiwa papo hapo. Kozi ikakua, nikaigawa mara mbili, moja ya kubuni lugha na moja ya kuzitafsiri. Hayo yote nilifanya mimi na hakuna anayebisha.

Kuelekea mwisho wa miaka ya sabini, asubuhi moja, binti mmoja aligonga mlango wangu. Alikuwa na koti jipya la baridi lililomzidi, bado lina karatasi ya bei kwenye mkono wake. Akaniamkia, akasema anaitwa Nekesa, amekuja kusomea shahada ya pili, ametoka kwa Daktari Wafula.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Ni wewe Kombo wa Korido?"

Nilimuuliza jina hilo kalitoa wapi.

"Kwetu kila mtu anaijua. Korido ya Kombo. Hata wale hawasomi kompyuta wanakujanga kuona. Daktari lazima akuigize kila mwaka. Wanafunzi wakikosa siku hiyo wanalia."

Nikamwomba anioneshe. Alisita, nikamwambia nimeshazoea. Tukaenda mpaka nyuma ya stoo, akasimama mdomoni mwa korido. Akavua miwani isiyokuwapo, akaifuta kwa tai isiyokuwapo, taratibu, kama ninavyofanya kweli, na sikuwahi kujua kwamba kuna mtu ameona. Akasema kwa sauti nzito kwamba ndani ya korido hii hakuna mkubwa wala mdogo, kuna aliyetangulia na aliyechelewa. Kisha akatupa kichwa nyuma akacheka kicheko kipana, cha tumboni, kikaingia koridoni kikagonga ukuta.

"Mimi sichekagi hivyo," nikamwambia.

"Daktari anasema ukiwa peke yako na wanafunzi, unacheka hivyo."

"Na wanafunzi wanasemaje?"

"Wanakupenda, Mwalimu. Wengine wanasema heri wangefundishwa na wewe kuliko yeye."

"Yeye anajibu nini?"

"Anasema hata yeye."

Nilimpeleka Nekesa kwa Mratibu akaandikishwe, nikarudi ofisini nikafunga mlango. Ningepaswa kufurahi. Jina langu lilikuwa limewekwa mahali pake na mtu yule yule niliyemchukia kwa kulibeba, tena mbele ya watu wasionijua, ndiyo maana walimwamini. Wafula alikuwa amenikata kutoka kwenye kitambaa changu mwenyewe, miwani, tai, ule utaratibu, akanishonea na kicheko ambacho sikuwa nacho, akaniwekea darasa linalolia likinikosa. Nilikaa nikisikia kicheko kile cha Nekesa masikioni.

Nimestaafu zamani sasa. Naishi Hallunda, ghorofani, wajukuu wananijibu Kiswidi nami nawajibu Kiswahili na tunaelewana bila kompaila. Siku za mikusanyiko, vijana wetu wa Kitanzania, wa Kikenya na hata wale wa Kongo wanaofanya kazi hizi za programu hunizunguka wakitaka niwaambie zamani ilikuwaje, nami nawaambia kuhusu kadi, dirisha, na sarufi za kwenye karatasi. Mara nyingi mmoja huuliza kama katika miaka yote ile nilikuwa na mtu wa kushindana naye. Na Wafula tulishapatana kwa simu, na alipozikwa kwao, mimi nikiwa huku mbali, nililia kama ndugu. Yeye simwonei wivu tena. Ninayemwonea wivu ni Kombo wa Nairobi, aliyesimama mdomoni mwa korido akicheka na wanafunzi wake wakacheka naye. Ningependa kuwa nimekuwa yeye hata kwa muhula mmoja.